Gramu Tisini

Kitangari, ghala la chama, msimu umefunguliwa juzi.
Mimi ndiye ninayesoma mizani.
Gunia likitundikwa natamka namba,
karani anaandika, mwenye mali anaguna,
na miaka kumi na mmoja hakuna aliyesema nimempunja.

Nimerudi kutoka Dar na mshono ubavuni.
Daktari alichomoa kitu juu ya figo,
akanionyesha picha kwenye simu yake:
mfano wa bibo lililokanyagwa, rangi ya ini.
"Gramu tisini," akasema.
"Hiki ndicho kilichokuwa kinakumwagia hofu."

Hofu.
Alilitaja kama mtu anayemjua jirani yangu.

Maana miaka sita, saa tisa za usiku,
moyo ulipiga mlango kama mgambo wa kodi,
jasho likalowesha godoro,
nikakaa kitako kumsubiri muuaji asiyefika.
Mama mkwe alisema ni jini, anataka kitambaa chekundu na jogoo.
Tulimpa. Akala, akarudi.
Zahanati walisema presha. Nikameza vidonge. Ikapanda.

Sasa haipandi.
Muuguzi anaisoma kama mimi ninavyosoma gunia:
"Hongera, mama Siwema, umepona."
Mtaa mzima, umepona.
Mikorosho ishirini na miwili iko rehani kwa huku kupona,
nitaanzaje kusema

kwamba jogoo anawika na mimi simo,
kwamba matangani kwa shangazi, aliyenilea,
nilikaa nikihesabu vikombe,
kwamba saa tisa bado naamka
kumngoja mgeni niliyemfukuza mwenyewe,
na haji, na kutokuja kwake kunanikaba.

Walikuwa wakinisifu. Somoe hachoki!
Somoe keshapalilia mistari minne
wengine ndio kwanza wanasugua meno.
Kumbe aliyekuwa akipalilia ni nani?
Jembe liko nyuma ya mlango.
Nalitazama. Nalo linanitazama.

Na yule aliyempiga Siwema kwa mwiko
kwa sababu ya maji kumwagika
(ndoo moja; ulikuwa mwaka wa kiu, nakiri, lakini ndoo moja)
alikuwa mimi, au lile bibo?
Nani aende kumwomba radhi?
Lile limelala kwenye chupa ya maabara,
halina magoti ya kupiga.

Ndanda, kliniki ya Jumanne.
Daktari wa akili ni kijana, kola imekunjika upande mmoja.
Sikutaka kulia mbele ya kola ile, nikalia.
Hakuniambia nishukuru Mungu. Hilo nilikuwa nimeambiwa.
Alisema, "Mwili wako umekimbia miaka sita.
Leo umesimama, haujui miguu iwekwe wapi."
Akaandika vidonge, nusu asubuhi, nusu jioni,
akasema nirudi, na nirudi tena.
Nikamuuliza, mpaka lini?
Akanyamaza, akakuna shingo, hakutaja namba.
Hapo ndipo nilipomwamini:
huyu hasomi mizani kabla haijatulia.

Jana wakulima walipokwisha kutawanyika
niliokota korosho ghafi kumi na sita,
kwa mkono wangu huu ndizo gramu tisini, au karibu yake.
Nikazifunga kwenye ncha ya khanga,
nikaitundika kwenye ndoana ya magunia.
Mshale haukutikisika.
Nikapiga chuma kwa kidole. Hola.
Kitu kisichosogeza hata mshale
kilinitembeza usiku kucha miaka sita,
kikalima, kikapiga mtoto, kikasifiwa.

"Unapima nini, mama?"

Siwema, mlangoni, na chupa ya chai.
Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo tangu Dar,
nimeyapanga kwenye basi, kilima kwa kilima.
Nikasema tu, "Njoo uone."

Akaweka chupa chini.
Akaja, akasimama karibu nami,
si karibu sana:
umbali wa mwiko.